Sponji Chafu kwa Mandarina

Liverpool, 18 Julai 2021

Papa Ephraim,

Bwana asifiwe. Mimi ni Cécile, mke wa Mushagalusa. Kwenye ibada ya Kiswahili pale Seven Hills mimi hukaa nyuma kabisa, karibu na mlango, kwa sababu kila Jumapili nachelewa. Huenda hunijui. Mchungaji amegawa majina ya wazee wanaoishi peke yao, ili kila mmoja wetu awe na mzee wa kumpigia simu wakati huu wa kufungiwa ndani kwa ajili ya Covid. Mimi nimepewa wewe, halafu nikaambiwa simu huisikii na ujumbe wa simu hutaki kuusoma. Basi nimenunua stempu. Tangu kambini Nyarugusu sijaandika barua kwa mkono, utanisamehe mwandiko.

Nimetumwa nikuulize mambo matatu: una chakula, una dawa, unasali? Naomba ujibu yote ili nimpelekee mchungaji.

Sasa na mimi nina shida yangu, usinione ninakuchokoza. Niko na mtoto mmoja, Gloire, miaka tisa. Baba yake anafanya kazi kiwanda cha nyama huko Queensland, na mpaka wa majimbo ulivyofungwa sasa, akija kutuona hawatamruhusu kurudi kazini. Wakati wa Pasaka alimletea Gloire samaki mmoja wa rangi ya chungwa, hawa wa kuweka sebuleni kwenye tangi la kioo. Gloire alimwita Mandarina, yaani chenza. Samaki huyu anaumwa vibaya. Anapanda juu ya maji anavuta hewa mdomo wazi, mapezi ameyakunja, na mkiani ana mistari myekundu sawa na damu. Mimi sijawahi kufuga kitu ila kuku, na kuku akiugua sana tunajua la kumfanyia.

Mchungaji anasema ulifanya kazi ya samaki kwa serikali ya Kenya miaka thelathini. Nisaidie, Papa. Mtoto nimemwambia Mandarina amechoka tu.

Cécile

*

Penrith, 23 Julai 2021

Mama Gloire,

Ninakujua. Wewe ndiye yule anayepangusa kiti kabla ya kukikalia, hata kama shemasi amekipangusa mbele ya macho yako.

Majibu ya mchungaji: chakula ninacho, dawa ninayo, na kusali ni kati yangu na Mungu. Ninaishi nyumba ndogo uani kwa mwanangu Ronnie. Yeye ni muuguzi, ananiachia sufuria mlangoni na kunipungia mkono dirishani. Mimi si mgonjwa, ni kiziwi. Mwambie mchungaji kuna tofauti.

Tuje kwa samaki. Kwanza, asile siku tatu. Najua kwenu na kwetu mgonjwa hubembelezwa ale, lakini huyu si shemeji aliyekuja kukutembelea, asile. Pili, toa nusu ya maji, umwekee mengine. Tatu, chumvi, kijiko kimoja cha chai kwa kila lita nne. Nne, uniambie ukweli: hilo tangi unalisafisha? Samaki wengi wa nyumbani huuawa na uvivu wa wenye nyumba.

Nijibu haraka. Mdomo wazi juu ya maji si dalili ya kuchezea.

Ephraim Mutua

*

Liverpool, 29 Julai 2021

Papa Ephraim,

Barua yako nimeisoma mara mbili na mara zote mbili nimekasirika. Mimi unaniuliza kama nasafisha? Usafi ndiyo kazi yangu. Niko hospitalini mwaka wa sita, na sasa wameniweka upande wa wagonjwa wa Covid kwa sababu wanajua nikipita mahali nimepita.

Nikueleze, ili usirudie. Kila jioni nikitoka kazini nabadilisha nguo gereji, naoga, halafu nashika tangi. Mandarina namweka kwenye bakuli. Maji namwaga yote. Mawe nayachemsha. Kioo nakipiga javeli, ile dawa ya maji tunayopigia sakafu za hospitali, nasuuza mara tatu. Ile mashine ndogo ya kuchuja maji ina sponji ndani, nayo naifua kwa javeli mpaka inakuwa nyeupe. Halafu nafungua bomba, najaza maji mapya. Ulisema nusu, mimi niliona nusu ni uvivu, nikatoa yote. Chumvi nimetia. Hajala siku tatu. Na amezidi kuumwa, Papa. Jana alikuwa amelalia mawe.

Najua nimeandika kwa ukali. Nikuambie kwa nini. Gloire hazungumzi Kiswahili na mimi. Nikimwuliza habari za shule ananijibu kwa Kiingereza, neno moja, anaondoka. Lakini baba yake siku aliyomleta samaki alimdanganya kwamba ametoka Ziwa Kivu na hajui Kiingereza hata kidogo. Tangu siku hiyo mtoto kila jioni anavuta kiti mbele ya tangi anamhadithia Mandarina siku yake yote, kwa Kiswahili. Mimi nasimama jikoni nyuma ya mlango nasikiliza. Hapo ndipo nilijua kwamba darasani wamebaki watoto sita, wale wa wazazi wa hospitali na maduka. Hapo ndipo nilijua anamwota baba yake amepotea njia. Mimi hakuniambia.

Mandarina akifa, kile Kiswahili kitakufa naye, na mimi sitajua tena mtoto wangu ana nini moyoni. Ndiyo sababu nimekasirika. Nisamehe, lakini unisaidie.

Cécile

*

Penrith, 3 Agosti 2021

Mama Gloire,

Keti kwanza. Umeketi? Unamwua samaki kwa usafi.

Samaki hujisaidia humo humo anamoishi, na taka yake hugeuka sumu. Mungu ameweka vidudu visivyoonekana kwa jicho, vinavyokaa kwenye mawe na hasa kwenye ile sponji, na kazi yao usiku na mchana ni kuila sumu hiyo. Hao ndio wafanyakazi wa usafi wa tangi. Wewe kila jioni unawamaliza wote kwa javeli, kesho yake Mandarina anavuta mkojo wake mwenyewe, na jioni unarudi kuua wachache waliojaribu kuanza upya. Hiyo damu ya mkiani ni kuungua. Tena maji ya bomba yana dawa ya kuua vijidudu, na dawa hiyo hiyo inamchoma mashavu.

Leo asubuhi nimetembea mpaka duka la wanyama. Liko kilomita mbili, ndani ya umbali tunaoruhusiwa, polisi hawana neno. Hawaruhusu mtu kuingia, unahudumiwa mlangoni. Binti wa duka kifuani ameandikwa Jacky. Alikuwa na barakoa, na mimi nisipoona midomo sisikii chochote, kwa hiyo tuliandikiana kwenye kadibodi watu wa foleni wakitutazama. Ana akili sana. Amenipa kichupa cha dawa ya kuondoa ukali wa maji ya bomba, na sponji kuukuu kutoka tangi lao wenyewe, iliyojaa vidudu vizuri. Nilivituma pale pale kwa posta ya haraka. Barua hii naiandika sasa nikiwa nimerudi, nikishapumzisha miguu.

Iweke hiyo sponji ilivyo. Usiisuuze hata kwa maji baridi. Uchafu wake ndiyo dawa. Na kuanzia sasa ubadilishe robo tu ya maji, mapya ukiyatia matone ya kichupa, kila siku ya pili.

Ephraim

*

Liverpool, 5 Agosti 2021

Papa,

Pakiti imefika leo, Mungu akubariki. Barua haikuwemo, kikaratasi tu kinasema "Ya Mandarina, weka leo." Kichupa nimesoma maelezo yake, nimetia matone.

Kuhusu sponji, sipendi kukuambia, lakini walikutania. Ilikuwa ya kahawia, yenye utelezi, inanuka mtaro. Nadhani waliona mzee wakampa kitu cha kutupwa. Usihuzunike, nimeitengeneza. Nimeiloweka kwa javeli saa nzima, nimeikamua, nimeisuuza mpaka maji yakatoka meupe, ndipo nikaiweka. Inapendeza sasa.

Mandarina amelala ubavu. Gloire ameniuliza kama samaki wanazikwa. Aliuliza kwa Kiingereza, lakini aliuliza.

Cécile

*

Liverpool, 9 Agosti 2021

Papa,

Barua yako ya tarehe tatu imefika leo.

Nimeisoma nimesimama. Halafu nikaketi, kama ulivyosema.

Vidudu vyote nimeviua kwa mkono wangu. Mandarina bado anapumua.

C.

*

Penrith, 12 Agosti 2021

Mama Gloire,

Kosa ni langu. Nani hufunga dawa kwanza, maelezo akayaandika baadaye? Mzee mwenye haraka. Ronnie amenicheka mpaka akaegemea ukuta, huko nje ya dirisha.

Na kwa kuwa mficha maradhi kifo humuumbua, naungama lingine. Mimi sijawahi kufuga samaki wa kioo. Miaka thelathini nilikuwa na mabwawa ya perege, maji ya mto, ya kijani, huoni mguu wako ukiingia mpaka magotini. Maji ya bomba sikuwahi kuyafikiria, kwa hiyo ile "toa nusu uweke mengine" niliyokuandikia mara ya kwanza ilimwongezea moto. Nilijifanya mjuzi kwa sababu ni siku nyingi mtu hajaniuliza kitu. Hapa watu wananiuliza kama nimekula. Kwenye jambo hili wewe na mimi tuko darasa moja, la kwanza.

Nimerudi kwa Jacky. Aliposoma kwamba sponji ililowekwa kwa javeli alishika kichwa kwa mikono miwili. Amenipa nyingine. Imo humu, ndani ya mfuko na maji yake, pamoja na barua, na juu ya mfuko nimeandika kwa kalamu nene. Usioshe. Najua mikono yako itakuwasha. Iweke nyuma ya mgongo.

Nikuulize la kizee, ukitaka usijibu. Mtu anayebadilisha nguo gereji na kuchemsha mawe ya samaki, nani mwingine nyumbani humo anamwosha hivyo?

Ephraim

*

Liverpool, 30 Agosti 2021, kwa posta ya haraka

Papa Ephraim,

Umengoja sana, najua. Nilitaka niwe na la kukuambia.

Sponji niliiweka. Niliifungua kwa glavu, nikafumba macho, nikaisukuma ndani ya mashine, nikatoka nje mpaka barabarani ili nisirudi kuitoa. Siku ya kwanza hakuna kitu. Siku ya tatu maji yakawa na ukungu, nikashika ndoo, nikaiweka chini, nikashika tena. Nilikwenda kuosha gari la jirani. Sikutanii, nililiosha lote, mama mwenyewe, Mlebanoni, akaniletea mkate. Siku ya sita Mandarina alisimama wima. Siku ya tisa aliacha kupanda juu kuvuta hewa. Wekundu wa mkia unapungua.

Sasa swali lako. Nimetembea nalo wiki mbili.

Tangu tarehe ishirini na nane ya mwezi wa sita sijamgusa Gloire. Nalala gereji kwenye godoro. Chakula chake nakiweka mezani naondoka, yeye anatoka chumbani anakula. Hospitalini natoa mashuka ya watu ambao asubuhi niliwasalimia. Mmoja alikuwa mama wa Kirundi, tulikuwa tunaongea kupitia kioo, alikuwa na mtoto umri wa Gloire. Niliposafisha kitanda chake nilijiambia kitu hiki hakitaingia nyumbani kwangu. Nimechanjwa mara mbili. Mkubwa wa wauguzi ameniambia tangu mwanzo wa mwezi huu: unavaa kila kitu, unaoga, umechanjwa, nenda ukalale chumbani kwako, mkumbatie mtoto wako. Nilimwitikia ndiyo nikarudi gereji. Kumwosha mtoto siwezi, nikawa namwosha samaki wake. Hilo ndilo jibu.

Na nimechelewa kulijua, kwa sababu leo asubuhi Mandarina ameota madoa meusi. Mgongoni, kwenye mapezi, karibu na jicho. Jana hayakuwepo. Anaoza, Papa. Nimetazama kwenye mtandao wa duka moja hapa Liverpool, kuna samaki anafanana naye kabisa, nikiagiza leo nachukua kesho mlangoni. Namtoa huyu wakati Gloire yuko shule, namweka yule. Hatajua. Baba yake alimdanganya kwa upendo, na mimi si naweza? Niambie kama ni dhambi. Nitangoja barua yako siku nne, zaidi ya hapo siwezi.

Cécile

*

Penrith, 1 Septemba 2021, kwa posta ya haraka

Mama Gloire,

Usiagize.

Nilikwenda dukani mvua ikinyesha. Nilimsomesha Jacky ile sehemu ya madoa, niliyomwandikia kwa Kiingereza, akaruka kwa furaha nikadhani amekanyaga kitu. Akaandika: anapona. Samaki wa aina hii akishaungua na sumu, ngozi inapoanza kujifunga huota weusi. Ni kovu. Kwa wiki chache unaondoka wenyewe. Tumekaa mimi na wewe na madarasa yetu yote, na dalili ya uhai tumeiona ni ya kifo.

Umeniuliza kama kubadilisha samaki ni dhambi. Mimi sijui dhambi, lakini najua ungekaa jikoni nyuma ya mlango miaka mingi ukisikiliza mtoto akizungumza na uwongo wako. Huyo aliyemo ndiye aliyeumwa. Mwache awe na makovu yake.

Kuhusu Gloire sina duka la kwenda kuuliza. Nasema hili moja tu: mkubwa wa wauguzi alikuambia, ukamwitikia ukarudi gereji. Ni vile vile ulivyoifanya sponji yangu ya kwanza. Mtu mwenye ujuzi amekupa kitu chenye uhai, ukakiloweka.

Nataka taarifa ya mgonjwa kila wiki, na naitaka kutoka kwa Gloire, si kwako. Yeye ndiye anayemtazama kila jioni. Mwambie mzee wa Penrith hasikii na hajui Kiingereza. Mungu atanisamehe, nilikifundisha chuoni miaka miwili.

Ephraim

*

Liverpool, 12 Septemba 2021

Babu Ephraim,

Mama amesema hujui Kiingereza, sawa na Mandarina. Kwa hiyo naandika hivi. Maneno mengine nimemwuliza Mama na yeye ameandika kwa karatasi nikaiga.

Taarifa ya mgonjwa. Jumatatu Mandarina alikula punje mbili. Jumanne alikula tatu, moja akatema, halafu akaila tena. Alhamisi alikula zote. Madoa nyeusi zilikuwa saba, sasa ni tatu. Mkia iko sawa. Sponji iko chafu sana. Mama anaiangalia kila siku na anatia mikono kwenye mifuko.

Babu, nataka kukuambia kitu na usimwambie Papa yangu. Mimi najua Mandarina ametoka duka. Karatasi ya duka ilikuwa chini ya tangi. Sikusema, sababu Mama alikuwa anasimama nyuma ya mlango ya jikoni. Mlango haifiki chini, naona viatu vyake. Mama hakuwa anakuja karibu. Lakini nikiongea na Mandarina, viatu vinakuja. Nikiongea Kiingereza, vinaenda. Kwa hiyo kila siku niliongea Kiswahili, na niliongea kwa nguvu, ndio asikie yote. Wakati Mandarina alilala ubavu niliogopa sana, sababu nilifikiri viatu havitakuja tena.

Jana Mandarina alikula kwenye kidole yangu. Nikapiga kelele. Mama akakimbia kutoka jikoni akanikamata na mikono miwili, kwa nguvu mpaka ikauma. Halafu akakumbuka. Akasema, subiri, ninawe. Mimi nikamwambia, Mama, usinawe, kaa.

Akakaa. Alikaa mpaka chakula ikaungua. Leo godoro yake imerudi chumbani. Hajui aweke mikono wapi, kwa hiyo anaiweka kwa kichwa yangu, tangu jana, kila saa, na nywele zangu zimeharibika zote.

Gloire